Kijiti Mikononi mwa Watoto

Shahada yangu ya uzamili haikuwa na darasa, wala kengele, wala mwalimu wa kukukodolea macho ukichelewa. Ilikuwa ya afya ya jamii, mtandaoni, nami niliisomea kwenye meza ya kulia nyumbani kwetu Kisugu, laptopu ikiwa imeegemea chupa ya chai. Waendeshaji wake hawakuhesabu miezi uliyokaa. Walikuwa na orodha ya mambo ambayo mtu wa afya ya jamii anapaswa kuyaweza, umahiri mmoja mmoja, na kwa kila umahiri unatuma kazi. Msahihishaji, ambaye sikuwahi kumwona sura wala kujua yuko nchi gani, anakujibu moja kati ya mawili: umeweza, au bado. Ukiambiwa bado, unarudia mpaka uweze.

Mimi kitu nisichokijua hakinipi raha mpaka nikichungulie ndani. Nilijiandikisha nusu kwa ajili ya kazi, nusu kwa udadisi tu: hivi shahada bila mtihani inakuwaje? Baba yangu, anayefundisha watoto Kurani barazani kwetu tangu sijazaliwa, hakuona ajabu yoyote. Nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa.

"Mama, hicho si chuo tu, kama hiki changu cha barazani?" akaniambia.

Kwake mtoto hapandi sura kwa sababu mwaka umeisha. Anapanda akiisoma bila kukwama. Mwepesi anakwenda, mzito anangojwa, na neno linalosikika barazani siku nzima ni "rudia". Nikabaki mdomo wazi. Watu wameandika kurasa na kurasa kueleza mtindo mpya wa kusoma, kumbe mimi nimekulia ndani yake, na bakora zake nimezila.

Tangu hapo ikawa kila siku baada ya alasiri ananiuliza imebaki umahiri mingapi. Ikabaki saba, ikabaki mitatu, ukabaki mmoja. Shangazi zangu wa Ntinda walishaanza kubishana nani atapika pilau. Bila ule mmoja hakuna shahada.

Umahiri wa mwisho ulikuwa huu: eleza kwa nini watu wa mahali fulani hawaendi kupimwa ugonjwa fulani, kwa kuwasikiliza wenyewe. Nikaona wamenipa mteremko. Mimi ni muuguzi kwenye kituo kidogo Katwe, katikati ya mafundi wa vyuma, na kazi yangu ni kupima sukari. Nikachagua sukari na macho: kwa nini watu wazima wanatufikia macho yakiwa yameshaharibika. Niliandika vizuri, jamani. Umbali, umaskini, kutojua. Jibu likaja: bado. Nikapamba, nikaongeza marejeo. Bado. Mara hii msahihishaji aliongeza maneno machache: "Vitabu nimevisikia. Watu sijawasikia. Nani alikuambia haya?"

Nilikasirika. Miaka yote hii nachoma watu vidole, halafu naulizwa nani kaniambia! Nikafunga laptopu kwa kishindo, nikaenda kushtaki barazani. Baba hakunihurumia hata kidogo. Alisema mtoto akikariri asichokielewa, sauti yake mwenyewe humsema.

Basi nikatayarisha maswali, nikaamua nianze na Baba kama mazoezi. Ni mtu mzima, yupo nyumbani, na watoto walikuwa hawajafika. Sikumdhania chochote. Nikampa kwanza karatasi ya ridhaa, ile ambayo mtu huisoma na kuitia sahihi kabla hajaulizwa. Akaishika, akaitazama kwa heshima zote, akanirudishia. Soma wewe nisikie, akasema. Hilo ndilo neno lake maisha yake yote, kwa hiyo nikasoma. Akatia sahihi, na sahihi ikaangukia katikati ya maandishi, mbali na mstari wake.

Nikamuuliza kama amewahi kupimwa macho. Akasema maswali yangoje, kwanza amalize juzuu yake. Akafungua msahafu, akaanza. Nikakaa pembeni yake kumsubiri, na kwa mazoea yangu mabaya nikachungulia. Sauti ilikuwa inakwenda vizuri, kidole kikifuata mstari baada ya mstari. Ila ukurasa ule ulikuwa wa sura nyingine, na juzuu nyingine kabisa. Akafika mwisho wa ukurasa aliokuwa nao kichwani, akafunua karatasi, akaendelea.

Banange, jamani! Nikazitazama tena herufi, kisha kidole chake.

Hapo ndipo nilipokumbuka kijiti. Zamani Baba alikuwa anawaonyesha watoto herufi kwa kijiti chembamba. Tangu mwaka jana kijiti kilikuwa mikononi mwa watoto, kila mmoja anajionyeshea mwenyewe huku anasoma. Nilipomuuliza sababu, alisema mtoto aliyeshika kijiti hasinzii. Nililipenda sana jambo lile. Nililiandika kwenye kazi yangu mojawapo, kama mfano wa mwalimu anayemtanguliza mwanafunzi, na nikajibiwa kwamba nimeweza. Nimepewa umahiri kwa macho ya baba yangu yasiyoona, na yangu yaliyoona yasielewe kitu.

Nilimwacha afunge msahafu. Kisha nikamuuliza, kwa sauti ya kazini maana ya nyumbani ilikuwa imenikimbia, macho yake yanaona nini. Akasema la kushoto limekwenda, la kulia linaona ukungu. Watoto anawajua kwa sauti na kwa kikohozi. Nikashika kalamu. Umbali? Anakula meza moja na muuguzi. Kutojua? Alijua tangu mwanzo kwamba ni sukari, kwa kiu na kwa safari za chooni. Basi kwa nini?

Akasema mwalimu asiyeona herufi, mzazi atamwachia mtoto wa nini? Chuo kikifungwa, kiti anachokalia kitakuwa kiti cha mgonjwa.

Nililia, siwafichi. Halafu nikamgombeza, nikamwambia yeye ndiye anayefundisha watoto kwamba kuuliza si ujinga, akanisikiliza mpaka nikachoka. Halafu nikamchoma kidole pale pale barazani, na namba iliyotokea sikuipenda.

Niliandika kazi yangu upya. Karatasi ya ridhaa ilimwahidi kusikia nitakachosema juu yake, kwa hiyo kabla ya kuituma nilimsomea. Nilikuwa nimeandika kwamba mzee huyu alificha ugonjwa wake kwa hofu ya kupoteza wanafunzi. Akainua kidole, vile vile anavyowainulia watoto.

"Bado," akasema. "Rudia."

Nikamuuliza nimekosea wapi, si ni yeye mwenyewe aliyeitaja hofu? Akasema hofu ilikuwepo, hakatai. Lakini pale kijiti kilipotoka mkononi mwake, na mimi nikaja kumuuliza sababu, alidhani nimeshajua. Alijitayarisha kunijibu kweli kama ningeuliza swali la pili. Nami nikamsifia, nikaenda zangu kuandika.

"Andika hivi: anaishi nyumba moja na muuguzi, na muuguzi hakumuuliza."

Nikaandika hivyo hivyo, nikatuma.

Jibu lilinikuta hospitalini, tumekaa kwenye benchi nje ya chumba cha macho. Daktari alikuwa ameshatuambia: la kulia tutalipigania, la kushoto mmechelewa. Simu ikatetemeka, nikaifungua. Umeweza. Nikamsomea Baba. Akaniuliza imebaki mingapi, nikamwambia hakuna tena. Akanigeuzia uso, na macho yake yakatua pembeni kidogo ya pale nilipokaa.

"Na wewe unaonaje," akauliza, "umeweza?"

"Bado, Baba."

"Basi kesho uniulize tena."

Wazazi wa watoto aliwaambia mwenyewe. Wawili waliwaondoa watoto wao. Waliobaki wanasoma barazani, kijiti mikononi. Pilau iliungua kidogo kwa ubishi wa shangazi. Nami kila asubuhi kabla ya kwenda Katwe namuuliza anaona nini leo, nikishajibiwa nauliza swali la pili.