Kahawa Aliyonificha Mume Wangu

Mume wangu ni muonjaji kahawa kiwandani. Kazi yake ni kuchota kwa kijiko, kufyonza kwa kelele kama mtoto asiyefunzwa adabu, kisha kutema ndooni. Moyo wake ulipoanza kwenda mbio bila sababu, nilimpiga marufuku kumeza hata tone. Akaapa. Mimi nikiapiwa naamini, ila ole wako nikugundue.

Jumanne asubuhi akaanguka kazini. Nilipofika hospitali, mashine ilionyesha mapigo mia moja tisini na nane kwa dakika. Daktari, binti anayeonekana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, akasema atamchoma adenosini.

"Ni kitu ambacho mwili wenyewe hutengeneza, mama, cha jamii ya kemikali ziitwazo purini. Hicho ndicho kinachotuletea usingizi ikifika jioni. Kwenye moyo, kinauambia utulie. Tukimpa kingi kwa mkupuo, moyo unasimama sekunde chache, halafu unaanza upya."

"Usipoanza je?"

"Huwa unaanza."

Hiyo "huwa" yake ilinikata maini.

"Amekunywa kahawa leo?"

"Aliacha," nikajibu mimi, maana msemaji wa nyumba ni mimi. Mume wangu akafumba macho.

Muuguzi akasukuma dawa. Nikashika chuma cha kitanda na kusubiri. Mashine ikaendelea kulia vilevile.

Daktari akakunja uso. "Kahawa hukalia vipokezi vya moyo, palepale dawa hii inapotakiwa kushika, ikifika inakosa pa kukaa. Mzee, niambie ukweli. Kama umekunywa, naongeza dozi. Kama hujanywa, basi shida ni nyingine na nabadilisha dawa."

Mume wangu akanitazama mimi, si daktari. Moyo unataka kumtoka kifuani, naye bado anapima hasira zangu.

"Sema, baba watoto," nikamwambia.

"Vikombe vinne," akanong'ona. "Usinikasirikie."

Wakaongeza dozi. Akashika kifua, akasema anakufa. Mstari kwenye kioo ukanyooka. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, na kila namba niliiogopa kuliko iliyotangulia. Ya tano, mstari ukaruka. Taratibu mapigo yakashuka hadi sabini na sita.

Muuguzi akanipa pole, akacheka kidogo. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye benchi. Miaka ishirini na sita nimejisifu kwa mashoga zangu kwamba mume wangu ananiheshimu. Kumbe ananiogopa kuliko anavyoogopa kufa.