Kipimo cha Sindano

Nyumbani kwetu Mji wa Kale macho yalipimwa kwa sindano. Mama na dada yake, ambaye ni lazima nimwite mama mkubwa hata siku ninazotamani kumwita jina jingine, walikuwa washonaji wa kofia. Walikaa ukumbini kwenye mkeka mmoja, wakidarizi vijitundu vya kofia nyeupe kutwa nzima. Aliyetunga uzi kwa mara moja alikuwa mzima wa macho. Asiyeweza alinunuliwa miwani. Hapakuwa na hali ya tatu.

Mama alitunga kwa mara moja. Ndiyo maana, miaka ya tisini ilipoingia na yeye akaanza kuwapita watu vichochoroni bila kuwasalimu, hakuna aliyefikiria ugonjwa. Walifikiria maringo.

Asiyelelewa mtaani kwetu huenda asielewe uzito wa jambo hili. Kwetu watu wanaweza kugombania urithi mpaka kwa kadhi na bado wakajuliana hali asubuhi. Lakini kumpita mtu aliyeketi barazani kwake, karibu umguse, na ukaenda zako bila ya salamu, hilo halisameheki. Jirani wetu wa mlango wa mkabala alimnyoshea Mama mkono harusini, mbele ya wanawake wote, na ule mkono ukabaki hewani. Tangu siku hiyo sahani zake za futari zikaacha kuja kwetu.

Na mama mkubwa, badala ya kumtetea ndugu yake, ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza. "Msimsingizie maradhi," aliwaambia wageni. "Yuwatunga uzi kwa mato yake mawili. Ni kiburi tu kimemshika." Halafu akacheka. Nakikumbuka kile kicheko, na damu bado inanichemka.

Lakini nami sijitoi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ulimi mrefu. Mama akipiga teke kikombe cha kahawa kilichokuwa kando ya mguu wake, nilimgombeza. Akijigonga bega kwenye mwimo wa mlango, mlango aliopita tangu alipoolewa, nilimwambia atazame aendako. "Sikuuona, mwanangu," alinijibu kila mara, na kila mara nilibetua midomo. Mwishowe nilimpeleka kwenye duka la miwani. Mwenye duka akamsomesha herufi za ukutani, naye akazisoma zote mpaka mstari wa mwisho, zile ndogo kama chembe za iliki. "Macho ya msichana haya," akasema, akatufungulia mlango. Hakumpima kitu kingine. Nilirudi nyumbani nimenuna, kwa kuwa sasa nilikuwa na hakika kwamba mama yangu ni mtu wa maringo.

Aliyetufumbua macho ni muuza maji. Mkokoteni wake wa mitungi ulimgonga Mama nyonga penye kona ya kichochoro chetu, nami nikatoka mbio nikamporomoshea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alingoja nimalize.

"Dada, hii ni mara ya tatu," akasema. "Nikipiga kelele simile, yuwasimama, yuwageuza kichwa kunitafuta, na mimi niko papa hapa ubavuni mwake. Huyu mama haoni pembeni."

Mtu aliyepita kwetu dakika mbili kwa siku ameliona. Sisi tuliokula naye sinia moja hatukuliona. Nilishindwa hata kumwomba radhi, kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yake.

Daktari wa macho alikuwa upande wa Ganjoni, kijana mpole. Alikaa mkabala na Mama, magoti yakikaribia kugusana, akamfunika jicho moja. "Mama, nitazame puani, usilihamishe jicho. Ukiona vidole vyangu vinacheza, niambie." Akaunyosha mkono pembeni, akaanza kuvichezesha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, naviona vizuri. Mama alikaa kimya kwa adabu zake zote. Daktari akausogeza mkono ndani kidogo, vidole vikicheza. Akausogeza tena. Mama akangoja.

"Haya, anza basi, mwanangu," akamwambia.

Nilitamani kuupiga ukuta ngumi. Daktari alimtia tone la ganzi, akapima msukumo wa maji ndani ya jicho, akachungulia mpaka nyuma kabisa. Presha ya macho, akasema. Haiumi. Huanza kula pembeni ikija katikati, na katikati ndiko Mama alikokuwa akitungia uzi na kusomea herufi. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kilichobaki kilikuwa kadiri ya tundu la ufunguo, na hicho tungekilinda kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, bila kuacha hata siku moja, maisha yake yote. Nikamuuliza ingekuwaje kama tungekuja miaka mitatu nyuma. Alijifanya anaandika. Kisha akasema watoto wapimwe, na ndugu wa tumbo moja wapimwe pia. Mimi alinipima siku ile ile, nikaonekana mzima.

Njia nzima nilipanga kupita nyumba kwa nyumba, niwaambie majirani walivyomdhulumu. Mama alinikataza. "Waate waseme nina maringo," akasema. "Kuonewa huruma sitaki."

Lakini mama mkubwa alikuwa hana budi kuambiwa. Nilimkuta kwenye mkeka wake, nikasimama mbele yake, nikamweleza yote, na sikuyapunguza makali. Nilimwambia ndugu yake alikuwa akipofuka huku yeye akimcheka mbele ya wageni. Hakulia, wala hakutaka radhi. Alichukua sindano, akalamba ncha ya uzi, akatunga kwa mara moja, akainyanyua niione.

"Haya. Mato mabovu hutunga?"

Nilikuwa nikimwombea adhabu mwanamke huyu, nakiri. Nikaketi mkekani, goti kwa goti, nikamfunika jicho moja kwa kiganja na kumwambia anitazame puani, aseme akiona vidole vikicheza. Nikaunyosha mkono pembeni, nikaanza kuvichezesha. Upande wa pili wa mkeka Mama aliacha kushona, akatega sikio. Nikausogeza mkono ndani kidogo. Nikausogeza tena, mpaka ukakaribia shavu lake.

Mama mkubwa alikuwa amekaa wima, akinitazama puani kama nilivyomwambia.

"Sasa," akasema, "mbona huanzi?"