Pindo la Hema

Mtaa mzima walimwita Sindano, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Alikuwa fundi cherehani, na hata asingekuwa fundi, ule ulimi wake ungempa jina hilo hilo. Alishona sare za shule tangu mwanawe wa pekee yuko mgongoni, na cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya dirisha kubwa, pale penye mwanga. Mteja akiingia anaiona hiyo kwanza, ndipo amwone mwenye nyumba.

Halafu mwana akaoa.

Mke wa mwanawe hakuwa mtu wa kelele. Angekuwa wa kelele ingekuwa afadhali, kelele unazijibu. Huyu alikuwa mtu wa kusogeza. Alianza na televisheni: "Mama, tuisogeze cherehani kidogo tu, waya haufiki." Ikasogezwa. Yakaja makochi, cherehani ikaenda koridoni. Ikaja friji, cherehani ikaishia mlango wa nyuma, nusu ndani nusu nje. Mvua ikinyesha Sindano anakanyaga huku mguu mmoja umelowa. Na mwana, yule aliyenyonya ziwa lake mpaka akaota meno, akisikia mama analalamika anaweka simu sikioni kama vile imeita.

Basi shemeji yake alipokuja, mdogo wa marehemu mumewe, alimkuta hapo mlangoni, ndoo imekinga maji pembeni. Shemeji huyu alikuwa mfupi, mfupi wa kukaa kitini miguu ikaning'inia, lakini mipango yake ilikuwa mirefu. Alikuwa amesafisha kipande cha msitu kando ya ziwa. Hakuna umeme, simu haishiki, choo cha mbao, maji ya kuchota. Akasema watu wa mjini watakuja kulala hapo kwenye mahema.

"Watoke kwenye vitanda vyao waje kulala chini?" Sindano akauliza.

"Ndiyo, shemeji."

"Kwa hiari yao?"

"Na watanishukuru."

"Basi dunia imeshiba."

Ila shemeji alikuwa na maneno mengine. Mahema aliyonunua dukani yalichanika yote upepo wa kwanza tu. Sasa alitaka ya turubai zito, ya kushonwa. Na kule kambini alikuwa amejenga kibanda cha mbao chenye dirisha linaloangalia maji.

"Mahema yakiwafaa wageni, kibanda ni chako. Weka cherehani yako, kaa, shona. Yasipowafaa, nitamtafuta yule fundi wa maturubai ya malori."

Dirisha. Baada ya neno hilo Sindano hakusikia kingine.

Sasa mtu aliyeshona sare maisha yake yote anajua kitu kimoja, kwamba nguo inapimwa kwenye mwili wa mtu. Akamlaza shemeji chali sebuleni, mbele ya televisheni, makusudi kabisa, mke wa mwanawe akabaki anachungulia tamthilia kama kuku. Akampima utosi mpaka kisigino, akaongeza kidogo cha kupumulia. Halafu, kwa vile mkono ulishazoea, akaacha pindo. Kila sare yake ilikuwa na pindo nene limekunjwa kwa ndani, mtoto akirefuka linafumuliwa, sketi inaendelea na mwaka mwingine. Kila hema nalo akalikunjia pindo kule nyuma, kuzunguka paa na ubavu, pana kama mkono toka kiwiko mpaka ncha za vidole.

Shemeji alipoliona akakuna kichwa. "Turubai lote hili umelikunjia nini?"

"Pindo."

"Kwani hema linakua?"

"Kitu kisicho na pindo hakitoki mikononi mwangu. Hutaki, kawaone watu wa malori."

Akabeba, na akacheka njia nzima.

Siku ya wageni wa kwanza Sindano alikwenda mwenyewe, akachuchumaa kwenye kizingiti cha kile kibanda kama mwenye nyumba. Miti ilisimama mpaka ukingoni mwa maji, na kimya kilikuwa kimya kweli, unasikia samaki akiruka. Gari likafika, wakaanza kushuka wasichana. Kushuka kwenyewe kulichukua muda. Mguu unatangulia, unasubiri, ndipo mwenyewe anafuata. Ilikuwa timu ya mpira wa kikapu.

Sindano akawatazama kutoka chini kwenda juu. Akayatazama mahema. Akamtazama shemeji, anayekaribisha wageni huku akiwafikia kiunoni.

Asubuhi alitoka na kikombe chake cha chai, ukungu bado umelala juu ya maji. Akaiona miguu. Karibu kila hema limetoa miguu mlangoni, jozi jozi, kama viatu dukani, na mbu walikuwa wamekula wakasaza.

"Shemeji," akasema mwenye kambi, kwa sauti ya mtu anayejizuia. "Wageni wangu wamelala nusu."

"Hema halina kosa. Waliorefuka ni wao."

"Ulimpima nani?"

"Wewe."

Kukumbushwa ufupi mbele ya timu ya kikapu si jambo dogo.

Msichana mrefu kuliko wote, ambaye wenzake walimwita Mlingoti, akatoka akijikuna. "Bibi, mimi niligeuka, nikalaza kichwa nje. Chura akanikalia."

"Ulimkaribisha?"

"Alikuja mwenyewe."

"Basi ni mgeni kama wewe. Msameheane."

Wasichana wakaanguka kwa kicheko. Kocha wao, mama mfupi mnene, akatoka hema la mwisho akipiga miayo. "Mimi nimelala kama kichanga. Langu msiliguse." Lakini kocha huyo huyo akamvuta shemeji pembeni, na kimya cha pale hakifichi siri: wasichana wana mechi keshokutwa, kama ni kulala hivi tena, wanafungasha leo leo waende gesti ya mjini.

Shemeji akarudi, uso umeshuka. "Umesikia. Nitamwita yule fundi."

Sindano akageuza shingo, akaliangalia lile dirisha. Akaona moyoni mlango wa nyuma wa kule nyumbani, friji inanguruma, mguu mmoja umelowa. Kukiri kosa hakuwahi. Hata marehemu alikufa hajalisikia neno hilo. Sasa likamtoka kama jino.

"Nimekosea kipimo," akasema. "Pindo sijakosea. Leteni wembe."

Mahema yakashushwa, yakatandazwa kwenye majani, na timu nzima ikakaa chini kufumua. Wale wasichana mpira walijua, wembe hawakujua. Sindano alipita nyuma yao, tepu shingoni.

"Fumua uzi, usifumue turubai. Wewe, mwenye mkono wa mchinjaji, mpe mwenzako huo wembe, nenda kachote maji."

"Bibi, kwenu wote mko wakali hivi?"

"Wakali wamekufa. Nimebaki mimi mpole wao."

Waliimba, wakataniana, mmoja akajikata kidole akapewa pole kidogo na masimango mengi. Pindo lilipofunguka, Sindano akapaka nta ya mshumaa kwenye matundu ya sindano, moja moja, mvua isije ikapata pa kuingilia. Shemeji akang'oa nguzo za nyuma, akazisogeza, akapigilia vigingi upya. Jua lilipoanza kuinama mahema yalikuwa yamesimama, marefu, yamenyooka, kasoro la kocha tu, aliyelikalia mlangoni asije mtu akaligusa.

Mlingoti akaingia kwenye moja, akajilaza kwenye mkeka. Wote wakakaza macho mlangoni. Halikutoka hata kucha. Pazia la mlango likaanguka lenyewe, likafunga.

"Bibi," sauti ikatoka ndani, "nabaki humu humu. Chakula mniletee."

Shemeji hakusema asante, ukoo wao hawajui neno hilo. Alichukua nyundo, akaingia kibandani, akapigilia msumari pembeni mwa dirisha. Akatoka. "Wa kutundikia tepu," akasema, akaenda zake kuwasha moto.

Wiki hiyo hiyo Sindano akarudi mtaani kuchukua cherehani. Mke wa mwanawe akamkuta anaifunga kamba.

"Mama, na sare za muhula ujao? Tunaweza kuirudisha hata pale dirishani."

"Pale pana televisheni. Ikushonee."

Siku hizi anashona akiangalia maji. Wageni wanamletea zipu zilizoharibika na maneno ya mjini, anazitengeneza zipu, maneno anayajibu. Mwana na mkewe nao wakasikia sifa, wakaja likizo na mabegi yao. Mwana ni mrefu, urefu kautoa upande wa mama. Sindano akawapokea vizuri, akawapa chai, akawapeleka mwenyewe mpaka hema la mwisho kule, lile la kocha.

Mwana akajilaza kulijaribu. Miguu ikabaki nje mpaka magotini.

"Mama," mkewe akaita, "hili mbona fupi? Hatuenei."

Sindano alikuwa ameshageuka, anarudi dirishani kwake.

"Sogeeni kidogo tu," akasema.