Majina Aliyoyaandika Dobi wa Meli ya Hospitali

Nilikwenda Dubai kwa sababu ya mama yangu. Baba yake, babu Ramadhani, alichukuliwa na jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Pili, mama akiwa bado ananyonya. Bibi aliambiwa tu kwamba mumewe alijeruhiwa Burma, akapakiwa kwenye meli ya hospitali. Kisha kimya. Akaamini amepona akaoa hukohuko, na alikufa akimlaani.

Mwaka huu binamu yangu Athumani, mlinzi wa hoteli huko Deira, mjini Dubai, alinipigia simu. Amekutana na Bi Zuwena, mwenye asili ya Unguja, ambaye marehemu baba yake alikuwa dobi kwenye meli hiyo. Aliacha daftari, na ndani mna Ramadhani wa Pangani. Lakini Bi Zuwena hataki lipigwe picha. Anataka mtu aje.

Alfajiri niliyoondoka Tanga, mama alinishika mkono mlangoni. "Kama alioa, uniambie. Nimeshazeeka, siogopi tena."

Nilifika Deira kesho yake, nikapumzika kidogo kwenye kitanda cha Athumani, katika chumba cha watu wanane. "Yalla, twende," akaniamsha, "zamu yangu inaanza saa nane."

Saa nne asubuhi tulikuwa mtaa wa Al Baraha, ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu. Bi Zuwena, mtu wa umri wa mama, alipokea shikamoo yangu, akatuketisha.

"Meli ilikuwa nyeupe," alisimulia, "ina mstari wa kijani na misalaba myekundu ubavuni. Usiku taa zote huwashwa, adui aione asiipige. Baba akifua mashuka ya damu. Askari Waafrika walilazwa chini, karibu na injini, joto la kufisha. Akifa Muislamu, hapana wa kumwosha ila baba. Kisha hushonewa turubai, hufungwa chuma, hutoswa. Wakubwa wa meli wakiandika namba. Baba akaandika majina."

Akafungua daftari la herufi za Kiarabu, akasoma polepole: "Ramadhani wa Pangani. Jeraha la tumbo. Mkewe Mwanakombo, ana binti, alimwacha hajaota meno. Kafa siku ya tatu."

Mwanakombo ni bibi yangu. Nililia mbele yao bila aibu.

Bi Zuwena akafunga daftari. "Lipo neno jengine, mwanangu. Daktari alikataza asipewe maji, kwa lile tumbo. Siku tatu babu yako akimwomba baba maji, naye akimnyima. Mpaka baba anakata roho, humu nyumbani, akisema, 'Mpeni maji Ramadhani.' Neno hili halitumwi kwa simu. Mwombe mama'ko amsamehe baba yangu."

Nikamwahidi, inshallah.

Ndani ya ndege ya kurudi niliwaza kuyaficha yale maji. Nilipofika Tanga nikashindwa. Mama alikuwa ananitazama mdomoni. Nilimweleza yote.

"Dobi nimemsamehe," akasema. "Alimwosha baba yangu. Lakini mama yangu alimlaani maiti miaka yote ile. Nani atamwombea yeye?"

Nilidhani mtu akishaujua ukweli hutulia. Mama hakutulia. Aliinuka akishika ukuta, akatawadha, akawaombea wote watatu, na mama yake ndiye aliyemchukua muda mrefu zaidi.