Pikipiki Iliyonizidi Urefu

Mimi ni daktari wa mifugo, na mimi ni mfupi. Mambo haya mawili hayakuwahi kugombana hadi siku nilipoamua kununua pikipiki.

Ninaishi Keumbu, nyuma kidogo ya soko, lakini ng'ombe ninaowatibu wametawanyika kila upande. Wengine wako Nyansiongo, kwenye mashamba mapana ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, ambako unafika kwa barabara kuu, malori yakikupita kwa kishindo hadi koti linajaa upepo. Wengine wako juu ya Ekerenyo, ambako lami inakuacha njiani ukabaki na udongo mwekundu, miteremko ya majani chai na mvua ya alasiri. Kwa miaka nilikuwa nikibebwa nyuma ya bodaboda, nimepakata mkoba wa dawa kama mtoto. Nilikuwa najua kuendesha vizuri tu. Shemeji yangu, ambaye ni mwendeshaji boda, alinifunza zamani kwenye uwanja wa shule. Nilichokosa ni pikipiki yangu mwenyewe.

Nilipowaambia watu wa nyumbani kwamba nimeamua, kila mmoja alikuwa na lake. Mume wangu alitaka ninunue gari dogo.

"Gari litakukinga mvua," alisema.

"Na likikwama Ekerenyo, nani atalisukuma?"

"Utapata watu."

"Watu watakuwa shambani wakichuma chai. Nitalala humo."

Shemeji naye alisisitiza nichukue pikipiki kama yake, ile ya kawaida inayobeba abiria, ndizi na magunia. Spea zake zinapatikana kila duka, alisema, na kila fundi anaijua. Hapo alisema kweli. Aliniazima yake siku moja nikaenda nayo kwa mteja. Kwenye lami ya tambarare tulielewana. Kwenye mpando wa kuelekea Keroka injini ikaanza kulia kama mbuzi aliyefungwa vibaya, na malori yakanifikia mgongoni. Halafu nilipoingia kwenye matope, udongo ukajaa kati ya tairi la mbele na madigadi, lile bati la kuzuia matope, hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Niliinama pale kando ya shamba la mtu nikichokoa matope kwa kijiti, huku mama mmoja akinitazama akiwa na kikapu cha chai mgongoni.

"Pole, daktari," aliniambia. "Hata ya mtoto wangu hufanya hivyo."

Siku hiyo ndipo nilipoelewa ninatafuta nini hasa. Nilitaka pikipiki ambayo haitaona aibu mbele ya lori, na ambayo haitakaa chini kama punda mbele ya tope.

Jumatatu iliyofuata tulikwenda Kisii mjini, mimi na mume wangu, kwenye duka moja kubwa la pikipiki. Muuzaji alitupokea kwa bashasha, akamshika mume wangu mkono na kuanza kumweleza habari za injini.

"Anayenunua ni huyu," mume wangu akamwambia, akininyooshea kidole.

"Sawa, sawa," muuzaji akasema, kisha akaendelea kumweleza yeye.

Nilimwacha hapo nikazunguka mwenyewe. Nilipanda moja kubwa ya lami, nyeusi, tangi limevimba kama kifua cha jogoo. Walinikubalia niizungushe kwenye ua wa nyuma. Lo! Ilinguruma kwa sauti ya chini, ya kujiamini, na nilijiona tayari niko Nyansiongo. Lakini nilipoisimamisha kwenye kokoto ikaegemea upande, na uzito wake ukanishinda. Watu wawili walikuja mbio kuishika. Nikajiuliza, huko Ekerenyo nitawapata wapi hawa wawili? Kando yake palikuwa na nyingine ya mashindano ya porini, nyembamba, tairi zake zina meno kama jembe la uma. Hiyo ilikuwa nyepesi, lakini kiti chake kilikuwa kigumu kama ubao wa kukatia nyama, tangi lake dogo, na muuzaji mwenyewe alikiri kwamba meno yale huteleza kwenye lami yenye maji. Tulirudi nyumbani mikono mitupu.

Jibu lilitoka mahali nisipotarajia. Mteja wangu mmoja wa mjini Nyamira alinipigia simu kuhusu mbwa wake, na katika mazungumzo akataja kwamba jirani yake, mwalimu mstaafu wa jiografia, anauza pikipiki.

"Ni ndefu sana," alisema. "Sijui kama utaiweza."

Nilifika kwa mwalimu Ijumaa asubuhi. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, amevaa sweta la kufuma, na goti lake la kulia lilikuwa limemchosha hadi hakuweza tena kulitupa juu ya kiti. Aliivua pikipiki turubai. Ilikuwa ya rangi ya samawati iliyofifia, gurudumu la mbele kubwa, madigadi imeinuliwa juu kabisa mbali na tairi, na chini ya injini palikuwa na bamba la chuma la kuikinga na mawe. Tairi zake hazikuwa laini kama za lami wala hazikuwa na meno ya jembe, zilikuwa katikati. Moyo wangu ulianza kwenda mbio kabla sijaigusa.

Kisha nikaipanda, na miguu yote miwili ikabaki inaning'inia hewani.

Mwalimu alicheka hadi akakohoa. "Sogea upande mmoja, daktari. Shusha mguu mmoja tu. Nani alikuambia pikipiki husimamishwa kwa miguu miwili?"

Nikasogea. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kikagusa ardhi, kisha sehemu ya mbele ya wayo. Ikasimama.

"Naomba niijaribu," nikasema.

"Ijaribu. Lakini mimi nakaa nyuma. Ukianguka, tuanguke sote."

Alipandishwa na mkewe, ambaye alisimama kwenye ngazi ya mlango akitikisa kichwa. Tukatoka. Mwanzoni niliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Tulipofika kwenye lami nikafungua mafuta, na ile pikipiki ikanyoosha shingo. Haikulia, haikutetemeka. Ilipanda mlima kwa gia ya juu kana kwamba mtu alikuwa ameusawazisha. Lori la chai lilitupita likatupiga kwa upepo, tukayumba kidogo tu tukaendelea. Nyuma yangu nilisikia mwalimu akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Baadaye nilikuja kujua kwamba huimba hivyo akiogopa.

Nilikuwa nimepanga kugeuza baada ya kilomita chache, lakini simu ililia. Nikasimama kando, nikashusha mguu wangu mmoja kwa fahari, nikaipokea. Alikuwa mama mjane wa juu ya Ekerenyo. Ng'ombe wake alikuwa akisukuma tangu alfajiri na ndama hatoki.

Mkoba wangu nilikuwa nao, maana siachani nao. Nikageuka nikamwangalia mwalimu.

"Nikurudishe nyumbani kwanza?"

"Ukinirudisha, huyo ng'ombe atakufa. Twende."

"Njia ni mbaya, mwalimu."

"Si ulitaka kuijaribu?"

Tukaenda. Lami ilipoisha mvua ya jana ilikuwa bado imelala njiani. Mimi hupenda kusema kwamba sikuogopa, lakini mikono yangu ilikuwa imeng'ang'ania usukani hadi viganja vikauma. Mwalimu akanigonga begani: "Simama juu ya vikanyagio! Legeza mikono, iache ijitafutie!" Nikasimama, magoti yamekunjwa, tumbo karibu na tangi. Gurudumu la mbele likacheza kushoto, likacheza kulia, kisha likashika. Matope yaliruka mbele ya macho yangu, yakapita chini ya ile madigadi ya juu, na gurudumu likaendelea kuzunguka. Bodaboda wawili walikuwa wamekwama kwenye kona, wakichokoa udongo kwa vijiti. Niliwapita nikipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Mwalimu naye akaacha kuimba akaanza kupiga kelele pia. Wachumaji chai walinyanyua vichwa kwenye mteremko mzima wakatutazama, mwanamke mfupi na mzee mrefu, wote wekundu kwa matope.

Yule mama alikuwa akitusubiri langoni. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu karibu na migomba, amechoka, macho yamemtoka. Nilivaa glavu ndefu nikaingiza mkono. Miguu ya mbele ilikuwa imetangulia vizuri, lakini kichwa cha ndama kilikuwa kimegeukia nyuma, kimelala ubavuni. Nilimsukuma ndama ndani taratibu, nikatafuta taya lake kwa vidole, nikalipata, likaniponyoka, nikalipata tena. Ndama akaninyonya kidole! Kulikuwa na uhai humo ndani.

"Yuko hai," nikasema.

"Nyasae!" mama akamwita Mungu kwa Kigusii, akashika kichwa.

Kichwa kiliponyooka nilifunga kamba kwenye miguu ya ndama nikampa mwalimu ncha moja, mama akashika nyingine. "Vuta ng'ombe akisukuma. Akipumzika, pumzikeni." Mwalimu alikita mguu wake mzima kwenye shina la mgomba. Tulivuta, tukapumzika, tukavuta. Mara kichwa kikatoka, mabega yakafuata, na ndama akateleza kwenye nyasi na maji yake yote. Nilimsafisha pua, nikamsugua kwa majani makavu ya migomba hadi akapiga chafya. Ni jike. Mama alimkumbatia mwalimu bila hata kumjua ni nani.

"Huyu ni daktari mwingine?" akaniuliza.

"Ni mwenye pikipiki," nikamjibu.

Alitupa chai ya maziwa na ndizi zilizochemshwa, tukala tukiwa tumesimama, maana hatukuweza kukaa kwenye viti vya watu kwa nguo zile. Mwalimu alikuwa amechangamka kama mtu aliyerudishiwa ujana. Aliizunguka pikipiki yake akiipapasa, akitoa tope kwenye spoki kwa kidole.

"Nilitaka kumuuzia mtu mrefu," aliniambia polepole. "Wamekuja warefu wengi. Wanaipanda, wanapiga picha, wanataka ya kuendea harusi. Wewe ichukue. Na usikubali mtu akate chuma ili aishushe. Peleka kiti kwa fundi apunguze sponji, basi."

Ilibidi tuharakishe, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, na mwalimu, kama mimi, ni Msabato. Biashara lazima iishe kabla jua halijatua. Tulirudi Nyamira mjini kwa lami, safari hii bila wimbo wowote nyuma yangu. Tulielewana bei mezani kwake huku mkewe akicheka nguo zetu, na makaratasi tukayamaliza mchana ukiwa bado mweupe. Nilipoipanda peke yangu kuelekea nyumbani, mwalimu alisimama langoni akaniinulia mkono, kisha akageuka haraka akaingia ndani.

Keumbu nilifika jua likigusa milima. Mume wangu alitoka, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akaitazama pikipiki, akasema, "Hiyo si ndefu?"

"Sana," nikasema, nikashuka kwa kuruka.

Kesho yake ilikuwa Sabato. Pikipiki ilishinda chini ya paa la banda, nami nilikwenda kanisani kwa miguu, nikakaa kwenye benchi nikijaribu kusikiliza mahubiri kwa moyo wote. Baada ya ibada nusu ya kanisa walikuja kuniona, wakisema wamekuja kunisalimia. Hakuna aliyekaa sebuleni.

Jumapili kabla ya saa mbili nilikuwa nimekwisha pita Keroka. Ukungu ulikuwa unainuka, hewa ya Borabu, eneo lile la Nyansiongo, ni baridi na safi, na barabara ilinyooka kati ya mahindi na malisho ya kijani hadi mwisho wa macho. Nilikuwa na ng'ombe wa kuchanja Nyansiongo, kazi ya kawaida kabisa. Mbele yangu kulikuwa na lori limejaa maziwa. Niliangalia kioo, nikawasha taa ya pembeni, nikaongeza mafuta. Dereva alinipigia honi mbili fupi nilipomfikia, nikamwinulia mkono wa kushoto, nikampita, na barabara yote ikawa yangu.