Laptop Iliyofunguliwa Kamba

Ndunge alikuwa na ulimi mkali, na aliyemrithisha ulimi huo alikuwa baba yake mwenyewe. Wawili hao hawakuweza kumaliza kikombe cha chai pamoja bila mmoja kuinuka kwa hasira. Nzau, baba mtu, alikuwa broka wa mbuzi kule Gatuanyaga, nje ya Thika, mzee mrefu wa koti zito hata jua likiwaka, na wauzaji walimwogopa kwa sababu hakuna mbuzi aliyewahi kumpendeza. Binti yake aliacha kazi ya ukarani Thika, akafungua kibanda cha gemu Gitothua, upande wa Ruiru. Kilikuwa na televisheni moja, mashine moja ya gemu, pedi mbili za kuchezea na benchi. Nzau alikiita kibanda hicho pango la wavivu. Hakuwahi kukanyaga mlangoni pake, na alijisifu kwa hilo kila alipopata wa kumsikiliza.

Lakini pango lilikuwa na watu. Vijana wa machimbo ya mawe na wa zamu ya usiku viwandani walikuja mchana kuchezeana mpira kwenye kioo, wakitukanana na kucheka, na aliyefungwa alimpisha mwenzake. Ndunge alilisha mdomo wake na kulipa kodi ya nyumba kwa kelele zile. Kisha mwaka wa tisini na tisa, ukielekea mwisho, mvua ikagoma, na mgao wa stima ukaanza. Stima iliondoka asubuhi, ikarudi vijana wakiwa wameshaingia kazini. Ndunge alikaa mbele ya televisheni iliyokufa akihesabu nzi. Alijua mambo yakiendelea hivyo atafunga, na akifunga atarudi Gatuanyaga kwa baba yake, kusikia habari za pango la wavivu mpaka azeeke.

Hapo ndipo aliposikia habari za Samir. Samir aliuza kompyuta za mitumba nyuma ya duka la vitambaa Thika, kijana mwenye maneno laini na shati lililopigwa pasi. Alimwonyesha Ndunge laptop moja nzito, ya rangi ya kijivu, iliyopasuka pembeni.

"Dadangu, hii ndiyo ya bei ya chini kabisa," alisema. "Nimeiwekea programu ya kuigiza mashine yako. Gemu zote zimo ndani, kaseti hutanunua tena. Na iko na betri. Stima ikienda, wewe unaendelea tu."

Ndunge alienda kuijaribu mara mbili. Mchezo ulikimbia vizuri. Ni kweli kioo kilikuwa hafifu, mpira ukipigwa kwa nguvu uliacha kivuli nyuma yake, na wachezaji wawili walilazimika kubanana bega kwa bega kwenye vibonyezo vya kompyuta moja. Lakini sauti ilitoka safi, na wachezaji walimtii. Akaamua kuichukua.

Tatizo lilikuwa pesa, na pesa zake zilikuwa mbuzi. Marehemu mama yake alimwachia mbuzi wake, nao walikuwa kwenye boma la Nzau. Ndunge alipoenda kuwadai, mzee hakumkaribisha hata kiti.

"Mbuzi ni wako, sikatai," Nzau alisema. "Lakini hawatoki hapa kwenda kununua mgonjwa. Nitaiona hiyo kitu kwanza."

"Utaona nini, baba? Wewe hata rimoti hujui kushika."

"Najua wauzaji."

Basi wakaenda Thika, mzee mbele na binti nyuma, bila kusemezana njia nzima. Samir alimwamkia mzee kwa heshima, akamvutia kiti. Nzau hakuketi. Alizunguka meza, akainama kutazama laptop chini, akaigonga kwa ukucha, akainusa. Ndunge aliona haya mpaka akatazama ukutani. Samir akawasha mchezo, na wachezaji wakatimka uwanjani.

"Umeona?" Ndunge alisema. "Inakimbia."

"Nimeona." Nzau alinyoosha fimbo yake, akafuata waya kutoka nyuma ya laptop mpaka ukutani. "Hiki ni nini?"

"Ni waya ya stima, mzee," Samir alijibu.

"Na si huyu binti alinipigia kelele kwamba inatumia betri? Mbuzi akiwa sokoni amefungwa kamba, mkononi mwa mwenyewe, amelambishwa chumvi, kila mbuzi ni mzuri. Ifungue kamba tuione."

Ndunge alihisi uso ukimwaka. Mara mbili alizokuja, stima ilikuwepo, na hakuwahi kufikiria kuuchomoa waya. Alikuwa akinunua kitu cha siku zisizo na stima, akakijaribu siku zenye stima. Alimchukia baba yake kwa kuliona jambo hilo, na akamchukia zaidi kwa kuliona mbele ya mtu.

Samir alisitasita, akasema betri haijajaa sawasawa, akasema labda kesho. Nzau akauchomoa waya mwenyewe. Kioo kikafifia kidogo, na wachezaji wakaanza kutembea kama watu wanaovuka shamba la tope. Mpira ulielea. Sauti ya mashabiki ikavutika, ikawa mngurumo wa mtu mwenye mafua.

Nzau alicheka. Haikuwa kawaida yake kucheka, na alicheka mpaka wateja wa duka la mbele wakachungulia.

"Inapunguza mwendo ili kulinda betri," Samir alisema haraka. "Naweza kuizuia hiyo, ikimbie kabisa. Lakini betri yenyewe ni kuukuu, haitamaliza mechi moja."

"Kwa hivyo ni kiwete au ni maiti," Nzau alisema. "Mchagulie mteja wako. Twende, Ndunge."

Angalinyamaza hapo, Ndunge angaliondoka naye. Alikuwa ameona kwa macho yake, na mchezo aliujua kuliko wote wawili. Laptop ile haikuwafaa vijana wake, kwa kuwa vijana walikuja kwa sababu ya kasi. Lakini Nzau hakunyamaza. Mlangoni aligeuka, akamwambia Samir, kwa sauti ya watu wote kusikia, kwamba huyu binti akili zake zilibaki kwenye tumbo la mama yake.

"Naichukua," Ndunge alisema.

"Utaichukua na nini?"

"Na mbuzi wangu. Au utawala pia, kama ulivyokula vyote vya mama?"

 Nzau alivaa kofia yake akatoka. Jioni ile ile aliwatoa mbuzi kwenye boma, akampa kamba mkononi mbele ya majirani, akamwambia asirudi tena pale kwake. Ndunge akajibu kwamba alikuwa akingoja ruhusa hiyo tangu zamani. Aliwaswaga wale mbuzi mpaka barabara kuu akilia, na kilichomliza zaidi ni kujua kwamba anaenda kununua kitu kibovu macho yakiwa wazi.

Mambo yalikwenda vile vile alivyojua yataenda. Siku ya kwanza ya mgao, vijana walijazana benchini kuona laptop. Mbaluka, mchongaji mawe aliyekuwa bingwa wa kibanda, alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena.

"Sasa hii ni nini, siste?" aliuliza. "Huyu straika amekunywa? Ata shosho yangu na uzee wake anaeza mshinda mbio."

Walicheka, wakaondoka. Kesho yake wakaja wachache, kesho kutwa hakuna. Ndunge alianza kuulizia mtu wa kununua benchi.

Nzau alifika adhuhuri moja, stima ikiwa imeondoka. Alisimama mlangoni, koti mwilini, fimbo mkononi.

"Nimekuja kuona mnunuzi wa mbuzi hapa Ruiru," alisema.

"Mnunuzi hayuko hapa."

"Hata wateja hawako." Alichungulia, kisha akainama akapita mlangoni, kwa mara ya kwanza tangu kibanda kifunguliwe. "Niwashie huyo mgonjwa wako nimcheke vizuri."

Ndunge aliiwasha kwa chuki tu. Alimwonyesha vibonyezo vyake bila kumtazama, naye akashika upande wake, bega kwa bega, karibu kuliko walivyowahi kukaa miaka mingi. Mpira ukaanza kuelea. Nzau alinyoosha kidole kigumu, akabonyeza. Mchezaji wake akageuka. Akabonyeza tena, na mchezaji akaufuata mpira polepole, na macho ya mzee yakawa yanamfuata mchezaji. Mtu ambaye hajawahi kushika hata rimoti alikuwa akiona kila kitu na kukiwahi.

"Mpige! Mjinga wewe, mpige!" alifoka kwenye kioo.

Ndunge alimfunga. Nzau aliyatukana magoli, akamtukana kipa, akamtukana na Samir huko aliko.

"Tena," alisema.

Kelele zake zilitoka mpaka barabarani. Mbaluka alipita akachungulia, akamwita mwenzake waje wamwone mzee wa koti. Walisimama wakicheka. Kisha Mbaluka akaomba amchape mara moja tu. Aliketi mahali pa Ndunge, akarusha vidole kwa kasi yake yote, na laptop haikumsikia. Nzau alibonyeza pale tu alipoona pa kubonyeza. Mpira uliingia wavuni polepole, kila mtu akiutazama, na kibanda kikalipuka kwa kicheko.

"Rudia," Mbaluka alisema, bila kucheka. Nyuma yake walikuwa wameshaanza kupanga foleni.

Betri ilipokufa, Nzau aliinuka, akakung'uta koti.

"Bado ni kiwete," alimwambia binti yake.

"Umecheza. Lipa kama wengine."

Mzee alimkazia macho, na Ndunge hakuyakwepa. Nzau akatia mkono kwenye koti, akaweka sarafu mezani. Alifika mlangoni, akasimama akiwa amempa mgongo.

"Kesho stima inaenda saa ngapi?" aliuliza.