Chokaa Mkiani mwa Ndege

Fundi wa mabango hakuwa mtu wa maneno mengi. Mkono wake ndio uliosema: vinyozi, maduka ya dawa, magari ya maziwa, nusu ya mji ilisomeka kwa brashi yake. Na ndege pia. Kampuni ya ndege ya mjini ilipoanza, yeye ndiye aliyeandika jina la kampuni mkiani kwa herufi nyekundu, na mdogo wake wa mwisho, mhudumu wa ndege hiyohiyo, hakuchoka kuwaringishia abiria: "Kaka yangu ndiye kaandika!"

Mezani kwa mama, binti huyo alisema na mengine. Kwamba injini ya kushoto inakohoa. Kwamba rubani kalalamika mpaka kachoka, na wakubwa wanamwambia apige moyo konde, safari zimejaa. Safari zimejaa! Hebu sikia hilo. Basi siku moja, ndege ikishuka kutua, injini ikazima, ndege ikalala upande na kuangukia shamba la mahindi, uwanja unaonekana kabisa. Hakupona mtu.

Kufika jioni kampuni imeshatangaza redioni: hali ya hewa. Hali ya hewa, na jua lilivyowaka siku ile, watu wameanika nguo!

Kesho yake meneja akamfuata fundi palepale msibani, akamvuta pembeni.

"Pole sana, fundi. Msiba ni wetu sote. Sasa, ule mkia umesimama tu kule shambani, jina letu liko kwenye kila picha. Tupakie nyeupe. Kwa heshima ya marehemu."

Heshima ya marehemu! Binti wa watu yuko mochwari, wewe unawaza jina lako. Mkono ulimwasha fundi, nusura amzabe kibao. Lakini akafikiri: nikikataa, atachukuliwa mwingine apake rangi ya mafuta, na ndiyo basi tena.

"Sawa, bosi," akasema.

Mama aliposikia alimtazama kama mtu asiyemjua. "Umekubali kumfuta mdogo wako? Toka mbele yangu!" Fundi akatoka. Angemwambia, lakini mama yake akijua jambo leo, kesho soko zima linalo.

Shambani alipanda ngazi na ndoo ya chokaa. Chokaa tupu na maji, ile ya kupakia mawe ya bustani. Meneja alisimama mbali, kitambaa puani, akaona weupe, akaridhika.

Sasa ikabaki mvua. Mabaki yangeondolewa mara tu ndugu wakishaweka maua, na mvua ikichelewa, jina limepotea na mama hatamsamehe maisha. Fundi alishinda akitazama juu mpaka shingo ikamkaza.

Siku ya maua mbingu ziliamka zimenuna. Meneja alishika kipaza sauti, waandishi wamejipanga, na ndiyo kwanza anaeleza habari za hali ya hewa, matone yakaanza. Hakuna aliyeondoka. Maji meupe yakachuruzika mkiani kama maziwa, herufi nyekundu zikatoka moja moja, hadi jina zima likasimama juu ya kichwa cha meneja. Kamera zote zikageukia huko.

Mama akamshika mwanawe mkono, akaona ulivyobabuka kwa chokaa. Hakuuachia.

"Fundi!" meneja akafoka. "Umefanya nini wewe?"

"Mimi? Mimi nilipaka nyeupe, bosi. Hii ni hali ya hewa."